Fenda ya pipa: Pijo 404, kutu ya Dar na swali la "originali"

Kila anayepita getini kwangu akiiona Pijo (Peugeot) yangu imekaa juu ya stendi lazima aulize, "vipi, unairudisha originali?" Wazee wanauliza, vijana wa bodaboda wanauliza, hata jirani ambaye hana habari na magari kabisa naye anauliza maana amesikia wenzake wakiuliza. Huwa najibu "ndiyo ndiyo" ili maongezi yaishe nirudi kazini, ila ukweli ni kwamba hilo swali limenisumbua kuliko kutu yenyewe, na kadiri nilivyozidi kuikwangua hii gari ndivyo nilivyoona halina jibu la haraka. Originali ya wapi sasa? Ya kiwandani Ufaransa au ya mafundi wa Gerezani, Dar? Maana hii gari imekaa Bongo muda mrefu kuliko wengi wetu, na bati iliyo nalo leo sehemu kubwa haikushuka nayo melini.

Kwa wasioijua, Pijo 404 ilitoka Mei 1960, bodi imechorwa na Pininfarina wa Italia, ndiyo maana ukiikuta imeegeshwa jirani na Austin Cambridge ya wakati ule au Fiat 1800 unaweza kuzichanganya kirahisi, zote zina sura ileile, yale mapezi ya nyuma, paa jembamba, kona zilizonyooka. Injini 1618 cc imelazwa upande nyuzi 45, gia iko kwenye usukani. Lakini huku kwetu hakuna aliyeipenda kwa ajili ya Pininfarina, iliheshimika kwa sababu ya Safari Rally, zile mbio za magari za Afrika Mashariki. 404 ilichukua 1963, 1966, 1967 na 1968, na hizo mbili za katikati ni za Bert Shankland na Chris Rothwell, Shankland akiwa anaishi hapahapa Tanzania. Mwaka 1963 zilianza gari 84 zikafika 7, mwaka 1968 zikaanza 93 zikafika 7 tena, na mara zote mbili ya kwanza ilikuwa 404 ya Nick Nowicki. Mzee aliyeona hizo gari zikipita na tope hadi kwenye vioo humwambii kitu kuhusu Toyota.

Yangu nimeipata Tanga, ilikuwa imelala chini ya mwembe kwenye uwanja wa familia moja, mwenyewe alishatangulia mbele ya haki na watoto hawakujua waifanyeje. Kadi ipo, injini inazunguka kwa mkono, taa za nyuma nzima zote mbili, nikaona hapa kuna gari. Kwa macho bodi ilikuwa nzuri tu, rangi imepauka lakini imenyooka. Basi niwaambie, gari ya pwani iliyonyooka sana na rangi imepauka, usiamini macho, chukua sumaku. Chukua sumaku ndogo ya spika ya redio, izungushie karatasi isikwaruze, pitisha bodi nzima taratibu. Penye bati inang'ang'ania, penye puti nene (ule uji mgumu wa kujazia mabonde ya bodi) inadondoka. Mimi kwenye ubavu wa kushoto ilidondoka kuanzia tairi la mbele mpaka la nyuma.

Halafu hiyo miembe. Watu wanadhani gari ikikaa kivulini ndiyo inatunzwa, na kweli jua haliili, ila majani yanaingia kwenye zile nafasi za kuvutia hewa chini ya kioo cha mbele, pale kwenye mizizi ya wipa. Ndani yake kuna mfereji wa bati unaokusanya maji ya mvua na kuyatoa pembeni kwa vitundu viwili. Majani yakiziba vile vitundu yanaoza, yanakuwa udongo kabisa, udongo unashika maji mwaka mzima, na Tanga haijui ukame wa kukausha kitu kama hicho. Nilitoa ndoo ya mbolea pale. Siyo utani, mbolea nyeusi nzuri, mama watoto akaimwagia michicha yake. Chini yake bati lilikuwa limebaki kama jina, ukibonyeza kwa bisibisi inapita unaiona ikitokea kwenye miguu ya dereva.

Kukwangua rangi ndiko kulikonifungua macho. Nilitumia rimuva (dawa ya kubandua rangi) sehemu zilizo wazi na skrepa, grinda nikaiweka mbali kabisa kwa hatua hii maana grinda yenye diski kali inakula bati na kulipasha moto, bati lenyewe halifiki hata milimita moja, likipata moto linatanuka na halirudi. Rangi zilikuwa tabaka kwa tabaka: juu nyeupe ya brashi (ndiyo, brashi, nywele zimo humo), chini yake bluu, chini yake tena kijivu cha prima (rangi ya msingi), halafu puti, halafu prima nyekundu, halafu krimu ya zamani imeshikana na bati vizuri kweli. Hiyo ya chini kabisa ndiyo nadhani ilitoka nayo kiwandani, maana ilikutwa pia ndani ya buti nyuma ya kadibodi ambako hakuna fundi aliyewahi kuhangaika kufika.

Isipokuwa fenda ya mbele kulia. Pale krimu haikuwepo kabisa. Chini ya prima nyekundu palikuwa na bati tupu, tena bati zito, ukiligonga kwa kucha linajibu sauti nyingine. Fenda za mbele za 404 zimefungwa kwa bolti, kwa hiyo nikaifungua nikaigeuza juu ya kochi bovu ili nione kwa ndani. Aisee. Ndani kulikuwa na njano. Rangi ya njano ya pipa la mafuta, imebaki kwenye mikunjo ambako nyundo haikufika, na kuna herufi mbili na nusu zimekatwa katikati, na ukipitisha kiganja unausikia ule mstari wa duara wa pipa, lile tuta linalozunguka pipa, umepigwa mpaka umelala lakini bado upo, kwa macho huuoni ila kiganja kinaujua. Mtu alichukua pipa la lita 200, akalipasua, akalilaza, akalipiga likawa fenda ya Pininfarina. Ile kona ya juu ya taa, ambayo inageuka pande tatu kwa wakati mmoja, ameitoa kwenye bati moja bila kuunga. Mikunjo ya kufungia bolti ameikunja yote na matundu yanakutana na ya bodi. Nimeipima na ya kushoto kwa fremu ya kadibodi, tofauti ipo, kidogo kwenye mgongo, ambayo huwezi kuiona mpaka usimame mbele kabisa uchuchumae.

Kuna mzee mmoja alikuwa fundi bodi miaka mingi, sasa anakaa tu nyumbani na wajukuu, nikamfuata nikamwambia, "Mzee shikamoo, naomba uje uone kitu." Akaja na bakora yake, akaigeuza ile fenda mara moja tu akacheka. "Hii ya wakati wa shida, kijana." Akanieleza, na mimi mengine nilishayasikia nyumbani: baada ya vita vya Kagera na miaka ile ya mwanzo ya themanini, pesa za kigeni hakuna, spea hakuna, hata sabuni mstari, kuendesha gari binafsi Jumapili mchana marufuku ili kubana mafuta. Gari ikigongwa fenda utaagiza wapi? Unatafuta pipa. Akasema walikuwa wanachimba shimo kwenye ardhi, wanalijaza mchanga au wanaweka gogo la mwembe lililochongwa bakuli, bati linapigwa kwanza kwa nyundo ya mti likae tumbo, halafu linahamia kwenye chuma, nyundo juu na chuma cha kushikilia chini, mpaka lisawazike. "Usiitupe," akaniambia, "za dukani za sasa utazipata wapi ngumu hivi?" Nikamuuliza nani angeweza kuipiga hivi, akaitazama tena akasema wapo walioweza wengi tu, wengine wamekufa, wengine wameacha kwa sababu siku hizi mtu anataka nusu siku na puti.

Sasa hapo ndipo swali la originali linapokuwa gumu. Fenda ya kiwandani ya 404 inapatikana, Ulaya wapo watu wanaziuza za zamani zilizokaa stoo, bei yake plus usafiri plus ushuru inatosha kununua bodaboda lakini inapatikana. Na kuna mashindano ya uzuri wa magari kama yale ya Concours pale Ngong Racecourse Nairobi ambako majaji wanachungulia mpaka chini ya gari. Nikiipeleka hii pale sijui jaji angesema nini kuhusu herufi za njano ndani ya fenda. Mimi nimeamua inabaki. Na ndani sijapaka rangi ya kuficha, nimepiga klia tu, ile rangi ya juu isiyo na rangi, juu ya ile njano ili isipate kutu, atakayeifungua siku nyingine aione.

Lakini msinielewe vibaya, sisemi kila kilichofanywa na fundi wa mtaani ni urithi wa taifa. Upande wa kushoto palipodondokea sumaku ni hadithi nyingine. 404 haina chesisi ya kujitegemea, bodi ndiyo chesisi, na ule mhimili wa chini ya milango, pale unapokanyaga ukiingia, ndio unaobeba gari isikunjike katikati. Niliupiga patasi. Puti ikatoka vipande unene wa kidole. Nyuma ya puti gazeti limekunjwa. Nyuma ya gazeti hewa. Yaani mtu alikuta mhimili umeoza, akasokomeza magazeti ya zamani kuwe na kitu cha kushika puti, akapaka puti, akasawazisha vizuri kweli (mkono wake ulikuwa mzuri, ndicho kinachouma), akapiga rangi akalipwa, na familia ikapanda humo ikaenda Korogwe. Magazeti yale hata hayakusomeka, maji yalishayafanya uji. Hiyo ni ya kutupa yote bila huruma.

Ukikata mhimili wa aina hii kuna jambo usilirukie. Kabla ya kukata chochote hakikisha milango inafunga na mianya yake iko sawa juu na chini, maana ndiyo kipimo chako. Halafu weka gari stendi nne chini ya sehemu ngumu, usiiache inaning'inia kwenye jeki, na uchomee vyuma vya kushikilia ndani ya uwazi wa mlango, nilitumia pipe ya mraba ya inchi moja, kutoka nguzo ya mbele kwenda ya katikati na ya katikati kwenda ya nyuma. Kata upande mmoja tu, umalize, ndipo uende wa pili. Ukikata pande zote mbili kwa pamoja bodi inalegea sentimita hata hujui, unachomea vizuri unashangaa mlango haufungi tena maisha, na hapo ni kuanza upya.

Bati nililotumia ni geji 18 (geji ni kipimo cha unene, namba ndogo ndiyo nene) kwa mihimili na geji 20 kwa sakafu na ule mfereji wa chini ya kioo. Wapo watakaokuambia weka nene zaidi ndiyo imara, hapana, ukiunga bati nene na la zamani jembamba kiungo kinasumbua, moto unaoyeyusha lile nene unatoboa jembamba. Mashine nimetumia migi ndogo ya nyumbani, ya kuchomea kwa umeme na waya unaojisukuma, waya wa 0.8, gesi ya CO2 tupu kutoka kwa wanaojaza mitungi. Fundi wengi wa mtaani wanachomea kwa gesi ya asetilini na mkono wao ni mzuri, sema moto wake unasambaa, bati tambarare kama la mlango linajikunja lote, ukilibonyeza linaenda ndani na kurudi, tabaa tabaa, mfuniko wa debe kabisa. Kwa migi unapiga nukta moja hapa, nyingine mbali kule, nyingine katikati, unaacha bati lipoe mpaka unaweza kuweka mkono, unarudi. Kipande cha sakafu cha ukubwa wa sinia kinaweza kula mchana mzima. Anayekimbiza mstari mmoja moja kwa moja amalize haraka atatumia muda uleule kunyoosha alichokikunja.

Na bati likishatanuka kuna dawa, hii nilifundishwa na yule mzee bakora yake imeegemezwa ukutani. Unapasha nukta ndogo kwa moto mpaka iwe nyekundu, ukubwa wa shilingi, kwa nyuma umeshikilia chuma kizito, unagonga kuizunguka haraka haraka huku ukielekea katikati, halafu kitambaa cha maji, tsss. Bati linajivuta. Unahama nukta nyingine. Alivyofanya yeye kwenye mlango wa nyuma nilisikia bati linavyobadilisha sauti, lilianza na ule mlio wa debe likaishia kukataa kabisa kubonyea. Halafu akaomba chai.

Kutu iliyobaki kwenye vinyweleo, ile ambayo msasa hauifikii, niliipaka dawa ya asidi ya fosfori, inaigeuza nyeusi ngumu. Isuuze na uikaushe vizuri kabla ya kuweka kitu juu yake, ikibaki asidi rangi itainuka. Baada ya hapo ni prima ya epoksi kwenye bati tupu, halafu puti juu ya epoksi. Hapa mafundi tutabishana mpaka asubuhi maana wengi mnaweka puti moja kwa moja kwenye bati. Puti hii ya poliesta inanyonya maji jamani. Ukishaipaka usiku ukaiacha wazi na unyevu wa Dar ule, imeshakunywa. Unafunika na rangi, maji yamo ndani, bati linaoza kuanzia nyuma ya puti huku nje panang'aa. Epoksi chini inazuia hiyo. Na puti yenyewe iwe ya kulainisha tu, isizidi milimita 3, hadna yake (dawa ya kuigandisha) kidogo tu, mtu anaongeza hadna ili ikauke haraka halafu analalamika rangi imetoa madoa ya wekundu juu.

Msasa nilianza na 80 kwenye puti, 180, 320, halafu 600 wa maji. Usisuge kwa vidole maana vidole vinachimba mifereji ambayo huioni mpaka rangi ing'ae, tumia kipande cha mbao kirefu kwenye sehemu zilizonyooka, na kwenye mikunjo kama ile ya juu ya taa hakuna kifaa kinachoishinda kandambili, unakata nusu, unazungushia msasa, inafuata mkunjo yenyewe. Kabla ya kusuga unapuliza vumbi la rangi nyeusi kwa mbali, ukianza kusuga palipo juu nyeusi inaondoka na palipobonyea inabaki, bodi inakusomea yenyewe wapi bado. Ile fenda ya pipa ilihitaji puti chache kuliko mlango wa kiwandani, na hili nalisema kwa furaha.

Sasa tuje kwenye mambo ya kuongeza, maana nimesema hii gari siirudishi makumbusho, nataka kuiendesha mpaka Lushoto na kurudi. Kwanza vitundu vya kutolea maji. Nimevipanua na kuweka wavu wa chuma kwenye ile nafasi ya chini ya kioo, kiwandani hawakufikiria mwembe wa Tanga. Mihimili nayo nimeipa vitundu kwa chini na nimepuliza nta iliyoyeyushwa na oili ndani yake kwa mpira mrefu, inatiririka mpaka kwenye viungo. Ilinuka wiki nzima, vumilia. Pili mikanda. Nguzo ya katikati nimeifungua nikaweka ndani kipande cha chuma cha milimita 3 chenye nati imechomewa nyuma, bati la nguzo peke yake likivutwa kwa nguvu ya ajali linachanika tu, kwa hiyo msifunge mkanda kwenye bati tupu mkadhani mmefunga mkanda. Tatu taa za mbele, balbu za H4 na rilei zake ili umeme mkubwa usipite kwenye swichi ya zamani, na alteneta badala ya dainamo, ila hayo ni ya umeme nitayaeleza siku yake.

Halafu keria. Hapa najua kuna watu watanuna lakini mimi Pijo bila keria naiona imevuliwa kofia. Pijo zote nilizoziona utotoni zilibeba magunia, magodoro, baiskeli, mbuzi wawili na kijana wa kuwashika. Nimeitengeneza kwa pipe ya nusu inchi, inakaa kwenye ule mfereji wa maji wa pembeni ya paa na inafungwa kwa vibanio, sijatoboa paa hata tundu moja, na chini ya kila mguu nimeweka raba iliyokatwa kwenye tairi maana chuma kikisugua mfereji rangi inaondoka na kutu inaanzia hapo hapo, mfereji wa paa ukioza ni kazi mbaya kuliko sakafu. Mbele nimeweka chuma cha kushikilia taa mbili za ziada kama zile za rali, kinafungwa kwenye bolti za bampa, kikitolewa hakiachi alama.

Rimu za inchi 17 na springi zilizokatwa sitaki kusikia. Kijana mmoja alinishauri "bro ishushe kidogo iwe na swaga." Hii gari ilishinda rali kwa sababu iko juu na springi zake ni laini ndefu, leo uikate ikwaruze matuta ya Mwenge? Hapana bana.

Rangi nimerudi kwenye krimu, ile iliyokuwa chini kabisa. Nilikata kipande cha kadibodi ya buti kilichogusana na rangi ambayo haijawahi kuona jua, nikaenda nacho Kariakoo kwenye maduka ya kuchanganya rangi, kijana akachanganya kwa jicho, akaweka tone juu ya kipande, akakausha kwa pumzi, akaongeza njano kidogo, nyeusi kidogo sana kwa ncha ya msumari, mpaka tone likapotea. Mashine ya kusoma rangi ilikuwepo palepale mezani imefunikwa kitambaa.

Kupiga rangi nyumbani Dar adui ni unyevu. Wakati wa masika usijaribu kabisa. Thina inapokauka inapoza uso wa rangi, hewa ikiwa na maji mengi yanatua pale, rangi inakuwa na ukungu mweupe kama imepuliziwa unga. Mimi nilingoja Julai, kipindi cha kipupwe, na saa nilizochagua ni kati ya saa nne na saa sita asubuhi, umande umeshaondoka na upepo wa bahari haujaanza kuleta vumbi la barabara. Nilitundika mahema ya nailoni pande zote, sakafu nikaimwagia maji vumbi lilale, kompresa nikaiweka mbali na mpira mrefu ili hewa ipoe njiani na kichujio cha maji kiwe karibu na bunduki, siyo karibu na kompresa. Bunduki umbali wa shubiri, mkono uende sambamba na bodi, kila mstari ufunike nusu ya ule wa kwanza, usimame wapi? Usisimame. Ukisimama inachuruzika.

Na hizi rangi za kuchanganya na hadna zina isosayaneti, kemikali yenye sumu, hilo ni jambo la mapafu, barakoa ya kitambaa au ile ya daktari haizuii kitu. Ukishapata pumu yake mara nyingi haiponi, hata harufu kidogo inakurudisha. Inatakiwa barakoa ya kupokea hewa safi kwa mpira kutoka nje. Nilikodi. Watoto na kuku vikahamia kwa jirani siku hiyo. Nimeona vijana wanapuliza gari nzima wamefunga leso puani wanavuta sigara kwenye mapumziko, naomba ndugu zangu, jamani.

Klia nikaiacha ikae, halafu msasa wa 1500 na 2000 wa maji kuondoa vumbi lililotua, nikapolishi. Jua likipiga ubavuni unaona mti wa jirani umesimama wima hauyumbi, isipokuwa kwenye mgongo wa fenda ya kulia ambako shina linakuwa na kijipinda kidogo.

Kioo cha mbele ndicho kilichofuata. Raba mpya nimepata ya kukata kwa mita, siyo yenyewe kabisa lakini umbo lake linakubali. Unaivisha raba kwenye kioo kwanza, unaingiza kamba nyembamba ya nailoni kwenye mfereji wa ndani wa raba mzunguko mzima, ncha zote mbili zitokee chini katikati, unapaka maji ya sabuni kwenye bodi. Mmoja nje anabonyeza kioo kwa viganja, mwingine ndani anavuta kamba taratibu sambamba na bodi, na kila kamba inapotoka inaing'oa midomo ya raba na kuipandisha juu ya bati. Nje alikuwa shemeji yangu, ndani mimi. Kona ya juu kushoto iligoma, shemeji akawa anasema "vuta" mimi nasema "bonyeza," tukawa hivyo mpaka mama watoto akatoka jikoni akaweka kiganja pale juu ya kona akasukuma mara moja, pop, kikaingia. Bampa ziko kwa fundi nikeli bado, ananiambia wiki ijayo, na amekuwa akiniambia wiki ijayo tangu kabla ya rangi. Zikirudi tutaandika ya umeme.